Mbingu Nyeupe za Baba

Saa moja kasoro robo, Isyonje, mwezi wa saba.
Vidole vimekufa ganzi kwenye pete ya lenzi.
Umande umelala juu ya viazi
kama chumvi iliyomwagwa na mtu mwenye haraka,
na Rungwe hauonekani bado:
pale unapopaswa kusimama
pana kijivu tu, kijivu cha sufuria ya jana.

Nafungua kitundu hadi mwisho.
Shata inakwenda taratibu, naisikia inavyomeza.
Nabana pumzi.
Kwenye mwanga huu hata moyo unatikisa picha.

Mara, bila hodi,
jua linachungulia juu ya bega la Kitulo
na kila nilichopanga kinageuka uongo.
Funga. Funga tena. Ongeza kasi.
Pareto ya Mwasandube, iliyokuwa ya bluu dakika mbili zilizopita,
sasa inawaka nyeupe na kukidanganya kipimo,
nacho kinadhani dunia nzima imeshiba mwanga.
Wingu linapita: fungua.
Limepita: funga.
Nimekuwa mlinzi wa geti
la watu wasiojua kama wanaingia au wanatoka.

Studio, kule Mwanjelwa, mwanga ni mtumishi.
Taa mbili, mwavuli mmoja, kitambaa cha bluu,
"Inua kidevu, mama, usicheke, ni ya pasipoti."
Huku mwanga ndiye mwenye shamba.
Mimi kibarua wa siku.

Baba alikuwa na kamera ya chuma, nzito kama nyundo,
na ndani ya mfuniko wa boksi lake aliandika kwa penseli:
Jua kali, kumi na sita.
Wingu jepesi, kumi na moja.
Wingu zito, nane.
Mvua, rudi nyumbani.
Lakini palipo na watu alipima nyuso, siku zote nyuso.
Ngozi zetu hunywa mwanga, alisema,
zipe mpaka zitosheke, anga lijitegemee.

Ndiyo maana albamu yetu haina mbingu.
Harusi ya shangazi Sekela, mwaka wa sabini na nane:
watu kumi na saba, kila kovu, kila jino,
na juu yao weupe mtupu.
Mama huweka kidole papo hapo penye weupe.
"Hapa palikuwa na wingu, jeusi ti, lina pindo la dhahabu.
Hatujamaliza kula, mvua ya mawe ikavunja vyungu vya pombe."
Nani atamwamini?
Baba aliliunguza.

Leo ukungu unapasuka, Rungwe unatoa kichwa,
na juu yake, naapa, wingu lenye pindo.
Mama kasimama kwenye tuta, jembe begani, sweta la kijani.
Napima wingu. Nabonyeza.
Anakuja, anainama kwenye kioo, anafinya macho.
"Ndilo lenyewe. Na mimi niko wapi?"
"Si huyo hapo."
"Huyo ni kisiki."

Gwamaka, mjukuu wake, ndiye anayeokota mfuko wa mbolea,
ule mweupe wa kukalia, na kuukunja anione nikicheka.
"Usiukunje! Ukunjue. Uelekeze jua. Shusha kidogo. Hapo."
Na mwanga, baada ya kugonga plastiki iliyochanika pembeni,
unapanda kwenye shavu la mama
kama mtu aliyekumbuka jina lake.

Nabonyeza mara nne.
Ya kwanza kafumba macho.
Ya pili upepo umempokonya Gwamaka mfuko.
Ya nne wingu limeshakuwa wingu tu.
Ya tatu sijui; nitaitazama nyumbani, gizani,
naogopa kuitazama hapa.

Chini ya penseli ya baba naandika kwa kalamu:
Wingu na mama,
halafu nasita kwenye namba.
Kivuli kimeshaingia kwenye karatasi.
"Bado?" anauliza mama. "Viazi vinaningoja."
Fungua.
Ngoja.
Fungua tena kidogo.